Mwongozo kamili: kupanga kasi ya feni na kushusha joto la kadi ya grafiki unapocheza gemu

Wengi wakiona kadi ya grafiki imegonga nyuzi 85 hukimbilia jambo moja: wanapandisha feni hadi asilimia 100, wanavumilia kelele, na baada ya nusu saa joto liko palepale. Wengine wanachora mstari wa feni (grafu inayoiambia feni izunguke kwa kasi gani kwenye joto gani) vizuri kabisa, wanazima kompyuta, na kesho yake kila kitu kimerudi kilivyokuwa.

Feni kazi yake ni kusukuma hewa. Kama hewa iliyomo ndani ya kasha tayari ni ya moto, au mapezi ya kadi (vile vibati vyembamba vinavyotoa joto) yamezibwa na vumbi, kuiongezea kasi ni kuzungusha joto lilelile. Kwa hiyo feni hapa inakuja hatua ya tano. Ukianza nayo utakwama tena.

Nyuzi zote humu ni za Selsiasi, na mfumo ni Windows.

## Vitu vya kuandaa

- MSI Afterburner. Ni ya bure na inafanya kazi hata kama kadi yako si ya MSI. Ipakue kwenye tovuti ya MSI yenyewe au Guru3D tu, maana zipo tovuti bandia zinazotoa faili lenye virusi kwa jina hilohilo.
- RivaTuner, inayokuja pamoja na Afterburner. Usiiruke wakati wa kusakinisha, ndiyo inayoandika namba kwenye skrini ukiwa ndani ya gemu.
- HWiNFO64, kwa ajili ya vipimo ambavyo Afterburner haionyeshi.
- Mwenye kadi ya Radeon (za kampuni ya AMD): AMD Software, Adrenalin Edition.
- Bisibisi ya nyota, brashi laini ya rangi ambayo haijawahi kutumika, na blowa ndogo ya umeme au kopo la hewa.
- Kipimajoto cha chumba. Kile cha bei ndogo cha ukutani kinatosha.
- Daftari. Namba usizoandika utazisahau, na bila hizo hutajua hatua ipi imesaidia.

## Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Fungua Afterburner, bonyeza alama ya gurudumu la meno, nenda Monitoring. Weka tiki kwenye GPU temperature, GPU usage, Fan speed, Fan tachometer (mizunguko ya feni kwa dakika), Core clock (mwendo wa chipu kwa megahezi), Power na Framerate. Kwa kila kimoja chagua pia Show in On-Screen Display, kisha Apply.

Sasa cheza gemu unayoicheza kila siku, kwa mipangilio yako ileile, dakika 30 mfululizo. Dakika tano za mwanzo hazina maana, kwa sababu mapezi ya alumini bado yanameza joto. Namba unayoitaka ni ile inayotulia na kuacha kupanda. Iandike pamoja na kasi ya feni, megahezi, wati, na joto la chumba saa hiyo.

Joto la chumba ndilo wanalolisahau karibu wote. Kadi haiwezi kupoa chini ya hewa inayoivuta. Tuseme kadi yako ikifanya kazi inakaa nyuzi 45 juu ya joto la chumba. Kwenye chumba cha nyuzi 22 itasoma 67. Kadi hiyohiyo Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, chumba kikiwa 32 bila kiyoyozi, itasoma 77, na hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana ukinakili mstari wa feni wa mtu wa Ujerumani, kwako hautafanya kazi. Toa joto la chumba kwenye joto la kadi, uandike tofauti. Tofauti hiyo ndiyo utakayoifuatilia hadi mwisho.

### Namba zinasemaje

NVIDIA imeandika kikomo cha nyuzi 94 kwa GTX 1060, 93 kwa RTX 3060 na 90 kwa RTX 4060. Lakini kadi haisubiri ifike huko ndipo ipunguze mwendo. Inashusha megahezi kidogo kidogo kadiri inavyopata moto, na ikikaribia kikomo inashusha kwa nguvu, ndipo gemu inapoanza kukwamakwama.

Kwa mazingira ya pwani mimi nachukulia hivi: chini ya 75 ni vizuri, 75 hadi 82 inavumilika, kuanzia 83 kuna kazi ya kufanya.

Wenye Radeon kuanzia RX 5700 mtaona joto la aina mbili. Lile liitwalo junction ni la sehemu yenye moto kuliko zote ndani ya chipu, na AMD inaliruhusu hadi 110. Ukiona 92 hapo usihangaike, soma lile la kawaida.

Kwenye HWiNFO64 tafuta GPU Hot Spot, ambacho ni kipimo cha namna hiyohiyo kwenye kadi nyingi za GeForce, yaani za NVIDIA. Andika imezidi joto la kawaida kwa nyuzi ngapi. Tutaihitaji mwishoni.

Umefaulu kama: una mstari mmoja daftarini, mfano: chumba 31, kadi 84, tofauti 53, feni 78%, megahezi 1,755, wati 168.

## Hatua ya 2: Fungua ubavu wa kasha

Jaribio hili halina gharama yoyote, na linakata ubishi wote. Ondoa bamba la ubavuni la kasha, cheza dakika 20, soma tena.

Joto likishuka kwa nyuzi 5 au zaidi, kadi yako ni nzima. Tatizo ni kasha, hewa ya moto haitoki. Likishuka kwa nyuzi moja au mbili tu, kasha halina kosa na shida iko kwenye kadi yenyewe: vumbi, feni, au pesti ya joto (ile inayopakwa kati ya chipu na chuma cha kupozea).

Usiuache ubavu wazi ndiyo ikawa dawa ya kudumu. Vumbi litaingia mara dufu, na kama kuna mjusi au mende ndani ya nyumba, hapo pana joto zuri la kulala.

Kama ni kasha, angalia mwelekeo wa feni zake. Za mbele zivute hewa ndani, za nyuma na juu zitoe nje. Feni hutoa hewa upande ule wenye fremu ya mikono inayoshikilia mota. Ukitilia shaka, sogeza kipande cha tishu: kikivutwa, hewa inaingia upande huo. Mara nyingi utakuta feni ya mbele imefungwa kinyumenyume, au kasha limesukumwa hadi ukutani au ndani ya droo ya meza. Lipe angalau sentimita 15 nyuma.

Umefaulu kama: joto la kasha lililofungwa na lililo wazi vinapishana kwa nyuzi 3 au pungufu.

## Hatua ya 3: Toa vumbi, na ulitoe kweli

Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa kadi, ili umeme tuli wa mwilini usiishie kwenye chipu.

Chomoa waya wa umeme wa kadi kwa kubonyeza kilimi chake. Fungua skrubu za nyuma, bonyeza kibanio kilicho mwisho wa sloti, toa kadi ikiwa imenyooka. Wanaovunja sloti ni wale wanaosahau kibanio.

Sasa washa tochi uipitishe katikati ya mapanga ya feni. Feni yenyewe inaweza kuonekana safi huku chini yake, pale hewa inapoingia kwenye mapezi, kukiwa na utando wa kijivu uliolala kama blanketi. Huo ndio unaokuibia nyuzi zako. Kwenye hewa ya pwani vumbi hushika unyevu na kuganda, hivyo kupuliza peke yake hakutoshi. Pitisha brashi kwanza kufuata mwelekeo wa mapezi, utando ukatike, halafu ndiyo upulize.

Maonyo matatu hapa:

Shikilia mapanga kwa kidole unapopuliza. Feni ikizungushwa na blowa inapita kasi yake ya kawaida, beringi inaumia, na mota inayozungushwa kwa nguvu huzalisha umeme unaorudi kwenye kadi.

Usipeleke kadi kwa kompresa ya gereji. Presha yake ni kubwa mno na hose hutoka na matone ya maji.

Usitumie mdomo wa mashine ya kunyonya vumbi juu ya kadi, unazalisha umeme tuli.

Rudisha kadi, chomeka waya hadi usikie kilimi kimeshika, washa, pima upya.

Umefaulu kama: tochi upande mmoja wa mapezi inaonekana upande wa pili. Kwa kadi ambayo haijasafishwa mwaka mzima, kupata nafuu ya nyuzi kadhaa hapa ni jambo la kawaida.

## Hatua ya 4: Punguza joto linalozalishwa

Joto lote la kadi ni umeme iliokula. RTX 3060 hula hadi wati 170, na zote zinageuka joto ndani ya chumba chako. Ukipunguza wati, umepunguza kazi ya feni kabla feni haijaongeza hata mzunguko mmoja.

Anza na fremu, yaani picha ambazo kadi inachora kila sekunde. Kama skrini yako ni ya 60Hz (inaonyesha picha 60 kwa sekunde) na gemu inatoa fremu 140 kwa sekunde, fremu 80 zinapikwa na hakuna anayeziona. Kwenye NVIDIA Control Panel fungua Manage 3D settings, weka Max Frame Rate kuwa 60. Skrini ya 144Hz, weka 141. Kwenye Radeon tumia Radeon Chill, kiwango cha chini na cha juu viwe sawa. Kwa gemu nyepesi hatua hii moja huweza kuishusha kadi kuliko kitu kingine chochote humu, na watu huipuuza kwa sababu inaonekana rahisi mno.

Kisha kikomo cha umeme. Kwenye Afterburner shusha Power Limit kutoka 100 hadi 80, bonyeza Apply. RTX 3060 sasa itaishia wati 136. Utapoteza fremu chache, kwa sababu zile wati za juu kabisa ndizo kadi inazozitumia vibaya zaidi. Njia hii haina hatari kwa kadi, nami ningeshauri kila mtu wa maeneo ya joto aanzie hapa.

Mwenye kutaka zaidi, ashushe volti. Bonyeza Ctrl na F ndani ya Afterburner, utaona mstari wa volti na megahezi. Kwa RTX 3060 fanya hivi: shusha Core Clock hadi −300, Apply. Rudi kwenye mstari, tafuta nukta iliyo juu ya milivolti 900, ipandishe hadi 1,800, Apply. Nukta zote za kulia zinapaswa kulala sawa na hiyo. Zinazopanda bado, zishushe.

Gemu ikijifunga yenyewe au skrini ikiwa nyeusi, volti hazitoshi. Shusha megahezi 30, ujaribu tena. Kadi mbili za aina moja hazilingani, hivyo namba ya rafiki yako ni ya kuanzia tu. Ukishuku kitu, kitufe cha Reset kinarudisha yote.

Umefaulu kama: wati zimeshuka, fremu zinakuridhisha, na gemu imekaa saa nzima bila kujifunga.

## Hatua ya 5: Chora mstari wa feni

Fungua Settings, ukurasa wa Fan, weka tiki kwenye Enable user defined software automatic fan control. Utaona grafu: chini ni joto, pembeni ni kasi ya feni kwa asilimia. Bofya kwenye mstari kuongeza nukta, iburute kuisogeza, bonyeza Delete kuifuta.

Kwa chumba cha nyuzi 28 hadi 33, anza na nukta hizi:

- nyuzi 45: asilimia 35
- nyuzi 60: asilimia 50
- nyuzi 70: asilimia 65
- nyuzi 78: asilimia 80
- nyuzi 85: asilimia 100

Nairobi, Arusha au penginepo penye baridi, punguza asilimia 5 hadi 10 kwenye nukta tatu za mwanzo. Hutaona tofauti ya joto, ila masikio yataiona.

Mbona isiwe asilimia 100 tangu mwanzo? Faida ya feni hupungua kadiri kasi inavyopanda. Kutoka 40 hadi 65 joto linashuka vizuri. Kutoka 80 hadi 100 mara nyingi unapata nyuzi mbili tatu, huku kelele ikiongezeka sana na beringi zikichakaa upesi. Asilimia 100 ni ya dharura.

Mteremko nao uwe mpole. Mstari unaoruka kutoka 40 hadi 90 ndani ya nyuzi tano utafanya feni ivume, inyamaze, ivume, inyamaze, usiku kucha.

### Kupanda na kushuka kwa feni

Hilo nalo ni lalamiko la wengi, na tiba yake iko chini ya grafu hiyohiyo. Tafuta Temperature hysteresis, andika 4. Maana yake feni ikishapanda haitashuka hadi joto lipungue kwa nyuzi 4. Bila hiyo, kadi inayocheza kati ya 69 na 70 itabadilisha kasi kila sekunde chache.

Kadi nyingi za sasa huzima feni kabisa zikiwa chini ya nyuzi 50 au 60. Mahali pa joto hii inaleta shida: chumba peke yake kinaiweka kadi karibu na mpaka, hivyo feni inawaka na kuzima hata ukiwa kwenye kivinjari tu. Na feni nyingi haziwezi kuzunguka chini ya asilimia 25 au 30, zinajaribu kuanza kisha zinakwama. Ndiyo maana nukta yangu ya kwanza ni 35 na si 15.

### Kwa Radeon

Fungua Adrenalin, nenda Performance, Tuning, chagua Custom, washa Fan Tuning. Zima Zero RPM (ndiyo inayosimamisha feni kadi ikiwa haina moto), fungua Advanced Control, weka nukta zilezile, Apply Changes.

Chagua programu moja. Adrenalin na Afterburner zikipanga feni kwa pamoja zitabishana, na hutajua ni ipi inayotii.

Umefaulu kama: ukifungua gemu feni inapanda taratibu, na baada ya dakika 15 inatulia kwenye sauti moja.

## Hatua ya 6: Hakikisha mpangilio haupotei

Mstari wa Afterburner unafanya kazi Afterburner ikiwa imewaka tu. Ukiifunga, kadi inarudi kwenye utaratibu wa kiwandani. Nenda Settings, General, weka tiki kwenye Start with Windows na Start minimized.

Power Limit na volti zina kitufe chao. Kwenye ukurasa wa kwanza hifadhi mpangilio katika namba 1, halafu bonyeza alama ya Windows ili upakiwe kila ukiwasha. Fanya hivi baada ya kuujaribu kwa siku kadhaa, la sivyo mpangilio mbovu utapakiwa kabla hujaweza kuuzuia.

Wenye Radeon sikilizeni hapa. Umeme ukikatika ghafla, Adrenalin inadhani mfumo uliharibika kwa sababu ya mpangilio wako, na ukiwasha tena inarudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Kwetu umeme unakatika. Hifadhi profaili kama faili, uiweke mahali unapopajua, na kila baada ya kukatika ipakie upya. UPS ndogo (betri ya akiba ya kompyuta) inakuondolea adha hii, na inalinda kadi pia.

Umefaulu kama: umezima na kuwasha kompyuta, umefungua grafu bila kugusa kitu, na nukta zako zipo.

## Hatua ya 7: Pima tena, saa ileile

Rudia kipimo cha hatua ya kwanza: gemu ileile, dakika 30. Chagua saa inayofanana, maana ukipima mchana kwanza na usiku baadaye utaisifu feni kwa kazi ya upepo wa bahari.

Linganisha tofauti ya kadi na chumba. Ikitoka 53 hadi 43, huo ni ushindi mkubwa hata kama namba ya skrini bado ni 75.

## Kama joto bado halishuki

Feni inasoma 0 kwenye Fan tachometer huku asilimia ni 60. Imekufa au waya umeachia. Feni za kadi huuzwa peke yake. Mpelekee fundi namba iliyoandikwa kwenye kibandiko cha katikati ya feni, kwa sababu kipenyo na plagi lazima vilingane.

Hot spot imezidi joto la kawaida kwa nyuzi 25 au zaidi. Kwa kawaida tofauti ni 10 hadi 15. Ikifika 25, huenda pesti ya joto imekauka au imesukumwa pembeni ya chipu. Inabidi kadi ifunguliwe, ya zamani ifutwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 na kuendelea, ipakwe mpya. Kama dhamana haijaisha, irudishe dukani kwanza.

Ukiifungua, pima unene wa zile pedi laini zinazokaa juu ya chipu za kumbukumbu. Ukiweka nene kuliko za awali, sinki (chuma cha kupozea) haitagusa chipu kuu na joto litapanda kuliko mwanzo. Fundi asiyezungumzia unene wa pedi usimwachie kadi.

Kadi ni ya mtumba iliyochimba sarafu za kidijitali. Hizi zilikaa zikiwaka mchana na usiku. Pesti, pedi na feni zihesabu kuwa zimechoka hata kama nje inang'aa. Kwenye RTX 3080 na nyinginezo zenye kumbukumbu ya aina ya GDDR6X, soma pia GPU Memory Junction kwenye HWiNFO64. Kumbukumbu hiyo inaanza kujipunguza mwendo ikifika nyuzi 110, hivyo ukiona 104 na zaidi, tafuta pedi mpya kabla ya kuhangaika na mstari wa feni.

## Wenye laptopu

Kwenye laptopu nyingi kitelezi cha feni cha Afterburner hakibonyezeki, kwa sababu feni inaongozwa na bodi yenyewe. Tumia programu ya mtengenezaji: Armoury Crate kwa ASUS, Vantage kwa Lenovo, OMEN Gaming Hub kwa HP, NitroSense au PredatorSense kwa Acer. Hatua ya nne inakuhusu kuliko mtu yeyote: weka kikomo cha fremu kwanza.

Nyanyua nyuma ya laptopu kwa sentimita 3 hivi, na usiiweke kitandani kamwe, matundu ya hewa yako chini. Nyuzi 80 hadi 85 kwa laptopu ya gemu ni kawaida. Ikishinda juu ya 87 hata baada ya kusafishwa, mwambie fundi akague pesti ya CPU na ya kadi kwa pamoja, kwa kuwa mara nyingi zinagawana mabomba yaleyale ya shaba na moja ikichemka inaichemsha mwenzake.